Mafuriko ya Rufiji: Adui au Riziki?

Msikilizaji mmoja ameniandikia na kuniuliza swali ambalo kwanza nilidhani ni jepesi. Anasema: "Kila mwaka tunasikia watu wa Rufiji wanalia mafuriko. Sasa limejengwa bwawa kubwa la kuyazuia maji hayo, na bado wapo wanaolia kwamba mafuriko hayaji kama zamani. Je, watu hawa wanataka nini?"

Nimelitafakari swali hilo nikaona halistahili jibu la mkato. Atakayelijibu vizuri itambidi aeleze mto ule ni kitu gani, unaishi vipi, na ni nani wanaoishi kwa kuutegemea, binadamu na wanyama. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya leo yatakuwa juu ya mto Rufiji, hasa sehemu yake ya chini, kuanzia pale unapotoka milimani mpaka unapoingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia.

Tuanzie mbali kidogo. Mto Rufiji hukusanya maji yake kutoka eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Njombe, Mbeya, Iringa, Mahenge na sehemu za Songea, nyingi yake hatimaye hupita Rufiji. Mito mikubwa inayouzaa ni mitatu. Wa kwanza ni Kilombero, ambao peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Wa pili ni Luwegu, unaotoka kusini na kukutana na Kilombero kwenye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Wa tatu ni Ruaha Mkuu, ambao huungana nao mbele kidogo. Baada ya hapo maji hayo yote hubanwa katika korongo jembamba la mawe ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa jina la Stiegler.

Mto ukishatoka katika korongo hilo, tabia yake hubadilika kabisa. Mahali pa milima pameisha. Mbele yake ni uwanda wenye mteremko mdogo sana, zaidi ya kilometa 100 mpaka baharini. Mto hupunguza mwendo, hupanuka, hugawanyika kati ya mafungu ya mchanga, na hujipinda huku na huku. Mwaka huu unapita hapa, miaka michache baadaye umehamia kule. Mwenye kujua Rufiji hashangai kukuta shamba la jirani yake limekuwa njia ya maji, na njia ya maji ya zamani imekuwa shamba.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika bonde la Rufiji ni kweli, lakini mkondo wenyewe nao huhama.

Sasa tuutazame mwaka wa mto huu. Mvua za nyanda za juu huanza mnamo Novemba na Desemba, na huendelea mpaka Mei. Maji huanza kupanda taratibu. Kwa kawaida kilele chake ni mwezi wa Aprili. Wakati huo mto hauwezi tena kubaki ndani ya kingo zake. Hufurika, ukaingia katika nyasi, katika vichaka, katika mashamba, na katika mabwawa ya asili yaliyotapakaa pande zote mbili. Mabwawa hayo watu huyaita maziwa, na yana majina yanayojulikana: Utunge, Ruwe, Zumbi na Mtanza upande wa vijijini, Tagalala, Manze na Nzerakera upande wa hifadhi. Mengi ya maziwa haya ni mabaki ya njia za zamani za mto.

Kwa mtu anayepita barabarani, hayo ni maafa matupu. Lakini kwa samaki, hiyo ndiyo sikukuu. Kambare akisikia maji mapya yanaingia majanini, hutoka mtoni na kuyafuata. Huenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji, mahali penye kina kifupi, penye joto na chakula tele, na ambapo samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Kambare ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa, kwa hiyo hata maji yakiwa machache na machafu yeye huvumilia. Perege naye ana njia yake. Jike huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vitoto vikitishwa hukimbilia tena humo humo kinywani mwa mama. Naye hupata katika maji ya mafuriko malisho ambayo mtoni hayapo, kwa sababu ardhi iliyokauka miezi mingi ikifunikwa na maji hutoa rutuba, na rutuba huzaa vijimea na vidudu vya kulisha samaki wadogo.

Mafuriko yakianza kushuka, kuanzia Mei na Juni, sehemu ya samaki hao hurudi mtoni, na sehemu hubaki katika maziwa. Hao waliobaki ndio kitoweo cha vijiji kwa miezi ya kiangazi. Mafuriko yasipofika ziwani miaka miwili au mitatu mfululizo, ziwa hupungua, samaki wake hawapati wenzao wapya kutoka mtoni, na mwishoni mvuvi hutoa nyavu zilizojaa tope tu.

Ndugu wasikilizaji, mkulima naye huyasubiri maji yale yale. Warufiji wana aina ya kilimo waitayo mlau. Maji yakishapungua, huacha juu ya ardhi tabaka la udongo mwembamba, mweusi, wenye unyevu. Mkulima hupanda humo mahindi, kunde na maboga, na zamani pamba, bila kungoja mvua. Mimea hukua kiangazi kwa unyevu uliobaki chini. Mbolea yake ni ule udongo ulioletwa na mto kutoka nyanda za juu. Hakuna aliyeununua, na hakuna aliyeubeba kwa gari. Na katika msimu wa mvua, wakulima wengi huchanganya mpunga na mahindi. Mafuriko yakija, mpunga huyapenda. Yasipokuja, mahindi huokoa nyumba. Huu ni ujuzi wa watu waliokaa na mto muda mrefu na kujua kwamba hauahidi kitu.

Sasa tuje kwa wanyama wakubwa. Mto Rufiji ni maarufu kwa viboko na mamba wake. Wengi wetu tukisikia kiboko tunafikiria hatari tu. Ni kweli ni mnyama wa hatari. Lakini tazama kazi anayoifanya. Mchana kutwa amejilaza majini. Usiku hutoka kwenda kulisha nchi kavu, na kiboko mkubwa huweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Alfajiri hurudi majini na humo humo huacha kinyesi chake. Maana yake ni nini? Ni kwamba kiboko ni mchukuzi. Kila usiku hubeba majani kutoka nchi kavu na kuyatia mtoni yakiwa tayari yamesagwa. Wadudu wa majini hula, samaki wadogo hula wadudu, na samaki wakubwa hula wadogo. Aidha, njia anazozipita kila siku matopeni huwa mifereji ya kuunganisha mto na mabwawa.

Mamba naye ana kalenda yake. Jike hutaga mayai kiangazi, maji yakiwa chini, katika mchanga ulio juu ya usawa wa maji. Huyafukia na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ajabu ni kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike. Vitoto hutoka mvua zinapokaribia au zinapoanza. Kwa hiyo mamba anategemea jambo moja kubwa: kwamba fungu la mchanga lililo kavu leo litabaki kavu mpaka mayai yaanguliwe.

Ndivyo walivyo pia ndege kadhaa wa mto huu. Yupo ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu, ambao nusu yake ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini kabisa akipasua uso wa maji kwa mdomo huo, na akigusa samaki hufunga ghafla. Ndege huyu hajengi kiota mtini. Hutaga mchangani, katikati ya mto, wakati wa maji machache. Kerem, wale ndege warembo wala nyuki, huchimba mashimo katika kuta za udongo za kingo za mto, na kuta hizo zipo kwa sababu mafuriko huzikata upya kila mara. Kwazi, ambaye sauti yake huijaza asubuhi ya mtoni, hukaa juu ya mivumo akingoja samaki. Mnandi, mdiria, yangeyange na korongo hujaa kando ya maziwa yanapokauka, kwa sababu samaki wamebanwa pamoja na ni rahisi kuwapata.

Mwishoni mwa kiangazi, tembo, nyati, swala na twiga hutoka porini kuja kunywa, maana vijito vya ndani vimekauka. Simba na mbwa mwitu huwafuata. Ndiyo maana sehemu ya mto iliyokuwa kaskazini mwa Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, imekuwa ikivutia wageni wengi kuliko sehemu nyingine za pori hilo. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini mto haukuishia hapo. Ukikaribia bahari hugawanyika katika matawi mengi, na hapo ndipo penye msitu mkubwa wa mikoko, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000. Kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi na mlilana, kila mmoja na mahali pake kwa kadiri ya chumvi na tope. Kwa mamia ya miaka majahazi yalipakia boriti za Rufiji na kuzipeleka Zanzibar, Oman na nchi za Ghuba, ambako ziliezekea nyumba za mawe. Hivyo mtu aliyelala chini ya dari ya zamani kule Maskati huenda alilala chini ya mto Rufiji bila kujua.

Mikoko inataka mchanganyiko wa maji matamu na maji chumvi. Kamba nao ni hivyo hivyo. Kamba huzaliwa baharini. Akiwa mdogo kama punje huchukuliwa na mawimbi mpaka kwenye mikoko, hukaa humo akila na kujificha katikati ya mizizi, na akishakua hurudi baharini. Ndiyo maana wavuvi wa Salale na Nyamisati wamepata riziki katika kamba wa Rufiji, na ndiyo maana maji ya hapo yamekuwa chimbuko kubwa la kamba wa Tanzania. Ukielekea Mafia, karibu na Kilindoni, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika kuanzia mwezi wa Oktoba kula vijidudu vidogo kama uduvi. Na katika maji ya karibu na mikoko hiyo bado wamo nguva wachache, mnyama mpole anayekula majani yaotayo chini ya bahari, na ambaye karibu amekwisha kabisa katika pwani yetu.

Basi tazameni msururu huo. Mvua imenyesha Njombe. Kambare ametaga Utunge. Kunde zimeota Utete. Kamba amekua Salale. Kinachowaunganisha wote hao ni mafuriko.

Sitaki mtu aseme kwamba nayasifu mafuriko kwa kuwa silali Rufiji. Mto huo umeua na umefukarisha. Mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Nia ilikuwa njema: wawe mahali pa usalama, penye shule na zahanati. Lakini mashamba yao yalibaki kule kule bondeni. Kwa hiyo wengi waliendelea kwenda huko kila msimu, wakajenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo ndefu, wakalala humo kulinda mazao. Jambo hilo lilikuwa jibu la swali la msikilizaji wetu, miaka mingi kabla hajaliuliza. Watu walikuwa wamepewa nchi kavu, nao wakarudi majini, kwa kuwa chakula kilikuwa majini.

Wala kukaa na wanyama si lelemama. Mamba huwachukua watu wanapoteka maji. Viboko na nguruwe mwitu huharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji, wengine wakiwa wamelala katika madungu yao. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba kusini mwa nchi yetu waligundua kwamba yalikuwa mengi zaidi mahali penye nguruwe mwitu wengi na wakati wa mavuno: nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na njiani hukutana na mkulima. Kwa hiyo mtu anayesema wanyama wa Rufiji wahifadhiwe lazima aseme pia nani anamlinda mwenye dungu.

Sasa tuje kwenye bwawa. Mawazo ya kulijenga yalikuwapo tangu zamani, na uchunguzi ulifanywa miaka ya 1960 na 1970. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 2019. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, yenye uwezo wa kutoa megawati 2,115. Ukuta wake una urefu wa meta 131 kwenda juu. Limepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Tuseme kweli: umeme huo ni jambo kubwa. Sote tunakumbuka mgawo wa umeme, fundi wa kuchomelea akikaa mlangoni amekunja mikono, na chanjo za zahanati zikiharibika. Nchi haiwezi kuendelea gizani. Hoja yangu leo si kwamba bwawa lisingejengwa. Bwawa lipo. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kuamua mafuriko, ambayo tangu dunia iumbwe ilifanywa na mvua, sasa inafanywa na mtu aliyekaa mbele ya vifaa vya kufungulia maji. Na mtu huyo anahitaji kujua mambo yote niliyoyataja.

Bwawa linabadilisha mto kwa njia tatu. Kwanza, hupunguza kilele cha maji ya masika, maana hujaza ziwa lake kwanza. Pili, huongeza maji ya kiangazi, kwa sababu mitambo lazima izunguke mwaka mzima, na maji yaliyoizungusha hushuka mtoni. Mtu atasema, kuongeza maji kiangazi kuna ubaya gani? Kumbukeni yule mamba na yule ndege wa mdomo mwekundu. Mayai yao yako mchangani. Maji yakipandishwa ghafla mwezi wa Septemba kwa sababu mji unahitaji umeme zaidi, mayai yamekwisha. Hali kadhalika mlau ulioko ukingoni. Tatu, bwawa hukamata udongo. Mto wenye tope ukiingia katika maji yaliyotulia, tope huzama. Maji yatokayo upande wa pili ni safi, lakini usafi huo ni hasara kwa shamba lililongoja mbolea, na kwa mikoko inayohitaji tope jipya la kuishikilia dhidi ya bahari.

Haya si mambo ya kubuni. Tunayo mifano. Wa kwanza uko katika bonde hili hili. Ruaha Mkuu ulikuwa mto usiokauka. Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza inayojulikana, ulikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikatika. Hapakuwa na bwawa kubwa juu yake; maji yalitumika kidogo kidogo huko Usangu, mfereji huu na ule, kila mmoja akichukua chake bila kufikiri nani yuko chini. Viboko walibanana katika vidimbwi vya tope, na samaki walikufa.

Mfano wa pili uko kwa jirani zetu wa Msumbiji. Bwawa la Cahora Bassa katika mto Zambezi lilianza kujazwa mwishoni mwa 1974, na kabla yake bwawa la Kariba lilikuwa limekwisha jengwa kule juu. Mafuriko ya kila mwaka katika nyanda za chini yalivurugika. Wataalamu waliofuatilia uvuvi wa kamba katika bahari iliyo mbele ya mto huo wameonyesha kwamba kamba huongezeka au hupungua kwa kadiri maji matamu yanavyofika baharini kwa wakati wake. Yaani maji yakija mengi lakini wakati usio wake, hayamsaidii kamba.

Lakini mfano wa tatu unatia moyo. Kaskazini ya Kameruni, mwaka 1979, lilijengwa bwawa la Maga kwa ajili ya kilimo cha mpunga. Uwanda wa mto Logone uliokuwa ukifurika kila mwaka ukakauka. Nyasi za malisho zikapotea, samaki wakapungua, wavuvi wakahama, na swala wa hifadhi ya Waza wakapungua. Kuanzia mwaka 1994 yalifanywa majaribio ya kuurudishia uwanda ule sehemu ya maji yake, kwa kufungua mikondo iliyokuwa imezibwa. Nyasi zilirudi, samaki walirudi, na ndege wa majini waliongezeka. Bwawa halikubomolewa. Kilichofanyika ni kugawana maji.

Hapo ndipo palipo na somo kwetu. Mafuriko yanaweza kupangwa. Katika mwaka wenye maji ya kutosha, bwawa linaweza kutoa maji mengi kwa siku kadhaa mnamo Machi au Aprili, yakafika katika maziwa na mashamba, kisha yakapunguzwa taratibu, sio kwa ghafla. Kiangazi, kupanda na kushuka kwa maji kunaweza kuwekewa mipaka ili mafungu ya mchanga yasizame. Ni kweli kwamba maji yatakayotolewa hivyo yote hayatapita kwenye mitambo, na kwa hiyo kutakuwa na umeme kidogo uliokosekana. Hiyo ndiyo bei. Lakini pasipotolewa maji, bei ipo vile vile, ila inalipwa na mvuvi wa Mtanza na mkulima wa Mohoro, ambao hawajui ankara yao ilitoka wapi.

Mwaka 2024 ulitufundisha jambo jingine. Mwezi wa Aprili mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida, na wilaya za Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko makubwa. Nyumba na mashamba yalizama, na maelfu ya watu walihitaji msaada. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wako wakazi waliosema kwamba maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowadhuru. Sitaingia katika mabishano hayo. Lakini yanaonyesha kitu kimoja. Zamani mafuriko yakija, Mrufiji alimwachia Mungu. Sasa yakija atauliza nani aliyafungulia, na yasipokuja atauliza nani aliyazuia. Kwa hiyo taarifa ni lazima. Mwenyekiti wa kijiji cha chini anastahili kujua siku kadhaa kabla ni kiasi gani cha maji kinakuja, kitafika lini, na kitakaa siku ngapi. Apashwe habari kwa redio, kwa simu, na kwa mbiu ya mgambo. Na kabla ya hapo aulizwe: ninyi mnapanda lini? Samaki wenu hutaga lini? Maana ujuzi huo haupo ofisini. Upo katika madungu.

Nasi wa bondeni tuna wajibu wetu. Bwawa likizuia mafuriko miaka michache, watu huanza kujenga nyumba za kudumu katika njia ya maji kwa kudhani mto umekufa. Mto haujafa. Mwaka wenye mvua nyingi utakuja, bwawa litajaa, na maji yatapita pale yalipopita enzi za babu zetu.

Basi namrudia msikilizaji wangu. Uliuliza watu wa Rufiji wanataka nini. Wanataka kile kile anachokitaka kambare, anachokitaka mamba, na anachokitaka kamba wa Salale. Maji mengi wakati wa maji mengi, na maji machache wakati wa maji machache. Yaje kwa kiasi, yashuke taratibu, na yasije kama mwizi usiku. Mto uliwapa hayo miaka mingi, ingawa si kila mwaka na si bila machozi. Sasa tumeuchukua ufunguo kutoka kwa mto. Aliyeshika ufunguo ndiye atakayeulizwa.